Nyasi za Ukingoni mwa Ndiva

Wifi yangu mpendwa,

Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nakuomba: kama una ng'ombe hapo kwenu Kighare, au hata mbuzi mmoja, usimpe nyasi zilizoota majini. Hata kiganja kimoja. Nimelitanguliza hili kwa sababu naogopa utaichana barua yangu ukifika katikati, na sitakulaumu.

Unakumbuka kiangazi chako cha kwanza hapa Mamba, ulipokuwa bibi harusi wa kaka? Tulikucheka kwa Chasu chako, Kipare chetu hiki, kilichojaa Kigweno, nawe ukatucheka sisi kwa ukame wetu. "Wifi, huku kwenu hata mawe yana kiu," uliniambia, nikacheka mpaka nikaangusha mzigo. Wewe ulipewa kukamua. Mimi nilikata nyasi, maana ng'ombe wetu watatu walikuwa hawatoki zizini. Mashamba yamebanana, pa kuchungia hapana, chakula huletewa mlangoni.

Mimi mvivu, unanijua. Kupanda mpaka mgongo wa mlima kutafuta nyasi kavu kulinishinda. Nikagundua kwamba asubuhi, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikifunguliwa na maji ya usiku kucha yakishuka mashambani, ukingo wake hubaki na nyasi laini ambazo kiangazi hakizigusi. Nikawa nazikata chini kabisa, kwenye tope. Mabua yake yalikuwa na konokono wadogo, weusi. Niliwabandua mmoja mmoja, nikazisuuza nyasi mara mbili, nikajiona msichana msafi kuliko wote wa mlimani. Nawe ulinisifu. Ulisema, "Siku nikienda kwetu kusalimia, nitawafundisha." Wifi, neno hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Masika yalipokuja yule ng'ombe mweupe akaanza kukonda, na huku anakula. Akavimba chini ya taya, pakaning'inia kama mfuko wa maji. Ulimfunua kope ukaniita, "Njoo uone, jicho halina damu." Akafa. Akafuata ndama, kisha mama yake. Wote watatu walikufa umewashika wewe, kwa kuwa mkamuaji ulikuwa wewe. Ndipo yakaanza maneno ya jikoni, hata katika nyumba ya wasali, watu wa kanisa, kama yetu: tangu aingie huyu, mkono wake una mkosi. Baba akasema urudi kwenu ukapumzike. Kaka, aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge, akajibu kwa mistari miwili kwamba mwenye mji ni baba.

Hukulia. Ulinigeukia ukauliza, "Wifi, na wewe unaamini?" Nikainama, nikajifanya nakaza kamba ya mzigo wako. Wakati ule nilikuwa sijui lolote kuhusu nyasi, lakini nisikudanganye, niliamini kidogo. Iliniwia rahisi kuamini.

Baada yako baba alileta mtamba mwekundu. Hukumwona wala hukumgusa. Kiangazi kikaja, nikarudi ukingoni na mundu wangu. Mwaka huu, masika, naye akavimba taya.

Alipokufa, bwana mifugo alipanda kutoka Same. Alimpasua palepale uani, akalitoa ini, akalikata. Kisu kilikwaruza kana kwamba ndani mna mchanga. Kwenye ile mishipa migumu wakatoka wadudu bapa, mfano wa majani madogo, wengine bado wanajikunja. Bwana mifugo akasema, "Huyu hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini. Akitoka humo anajibandika kwenye jani, mdogo kiasi kwamba humwoni. Ng'ombe akila jani, amemla na yeye." Nikajikaza, nikamwuliza kama nyasi zikisuuzwa anatoka. Akatikisa kichwa. "Haoshiki huyo, binti."

Kisha akauliza, "Nyasi huletwa na nani hapa, na anazikata wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba akanitangulia. "Ilikuwa kazi ya mkamwana wangu. Hayupo tena."

Bwana mifugo aliandika kwenye daftari lake, akatuonya tukate nyasi za mlimani tu, akateremka zake. Nilimfuata baba nyuma ya nyumba, nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyekuwa nakata." Hakushtuka. Alisema taratibu, "Nakijwa, mimi si kipofu. Kila asubuhi nilikuona ukipita na mzigo unaodondosha maji. Baada ya mavuno watu wanakuja kukuposa. Nani atachukua binti aliyemaliza zizi la baba yake? Kaka yako ataoa mwingine. Funga mdomo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani wanasema juu ya chawa.

Tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Naogopa ndiva, nikipita naikwepa kama kaburi jipya, na maji yake siwezi kuyaoga. Namwogopa baba anaponiita kwa upole. Naogopa kwamba uliwafundisha watu wa kwenu, na kwamba huko nako kuna taya linalovimba na watu wanaoanza kukutazama mikono. Zaidi ya yote naogopa kwamba ukimya umeanza kunizoea. Juzi mtu alikutaja vibaya mbele yangu, nikaendelea kupepeta mahindi.

Barua hii nampa mwalimu anayeshuka Same, na baba hajui. Ikikufikia usiifiche kwa ajili ya kunihurumia. Mpelekee baba yako, aisome kwa sauti mbele ya wazee wenu na mchungaji, kisha waje nayo hapa. Mimi mbele ya watu, baba akiwapo, mdomo haufunguki, nimejaribu mara mbili. Lakini wakifika nayo sitaweza kukana mwandiko wangu, na hapa mlimani unajulikana. Wanaokuja kunichumbia nao wakisikia, na wasikie.

Nisalimie mama. Mwambie mkono wa binti yake hauna kosa.

Aliyezikata zile nyasi,
wifi yako,
Nakijwa