Nilijiandika Mzima

Shirimatunda, Moshi
Jumapili, 16 Juni 2024

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii inakukuta salama hapo Machame, wewe, mwanao Kindness na yule ng'ombe wenu mkorofi. Mimi natembea na kula. Uzima mwingine nitaueleza humu humu. Najua umeshaanza kukunja uso: Elisifa ana simu, barua ya nini? Simu ungenikatia. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Mara mbili nimeinuka kuchemsha chai, na mara zote mbili nimesahau kuinywa.

Kwanza, Kindness anaendelea na dawa? Usimwachishe, hata mwezi mzima ukipita bila kuanguka.

Unajua kazi yangu ni kuwatoa watu damu kwenye mradi wa utafiti wa kifafa hapa mjini. Mkuu wetu, Dokta Margareta, anasema mwili una kingamwili, ndio askari wake wa kupambana na maradhi. Kwa baadhi ya watu askari hao humgeuka mwenye nyumba, wakashambulia vipokezi vya ubongo, yaani zile sehemu ambazo seli hupokelea ujumbe. Wakionekana wengi kwenye damu, huenda ikawa dalili ya kifafa. Ndiyo maana tunalinganisha damu ya wagonjwa na ya wasioumwa.

Wagonjwa tuliwapata. Walioadimika ni wazima. Huku kwetu nani anyooshe mkono kwenye mradi wa kifafa, halafu kesho posa ya binti yake irudishwe? Unajua ukoo unavyochunguzwa kabla mbege ya harusi haijapikwa. Basi ili kuwatoa watu hofu, nikakunja mkono wa gauni mbele yao, nikatolewa damu mimi. Fomu iliuliza kama nimewahi kuanguka na kupoteza fahamu. Nikaandika hapana.

Wiki tatu zilizopita Dokta Margareta aliniita. Sampuli zetu zina namba, si majina, lakini namba moja kati ya wazima ilikuwa na kingamwili nyingi kuliko wagonjwa wengi. Alifungua orodha ili mwenyewe ahojiwe upya, akakuta ni mimi. Akaniuliza tena lile swali. Nikasema hapana, nikatoka, nikafika getini, nikarudi.

Kaka, mimi naanguka. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Marehemu mama alijua, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, maana alisema nitazeekea nyumbani bila mume. Dokta amenieleza kwamba kipimo hicho bado kinachunguzwa na peke yake hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Aliyenitaja ni kinywa changu. Nimepimwa umeme wa ubongo, nimeanzishiwa dawa. Nikamwuliza kama damu hiyo inaonyesha ugonjwa umetoka ukoo gani. Akasema haionyeshi, na hata Kindness akipimwa haitaonyesha.

Sasa kumbuka ulivyosema mwaka jana Kindness alipoanguka mara ya kwanza. Ulisema kwetu kifafa hakijawahi kuingia, kwa hiyo kimetoka kwa kina Eunike, nao wakakuficha. Mkeo akarudi kwao Sanya Juu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale namenya ndizi za mtori. Niliinamia kisu.

Na hilo si baya kuliko yote. Umekuwa ukisema Eunike ana kiburi, hata isale la kuomba msamaha hakuleta, na kwamba angelileta ungempokea, maana nani wa kwetu anakataa jani la isale? Kaka, alilileta. Alinikabidhi mimi, wifi yake, mwezi wa tisa, nikufikishie. Nilifika nalo mpaka kwenye kahawa zako, nikaishia hapo. Nikalichimbia chini ya mgomba, nikaingia ndani nikakusalimia vizuri tu. Nilijiambia kwamba sitaki akiri kosa lisilo lake. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba ukiniuliza jambo moja tu, nitayatapika yote. Naona aibu, kaka.

Jana nilikwenda Sanya Juu kumwambia. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi, kisha akasema kuanguka kwangu anakujua siku nyingi. Akiwa bibi harusi wa miezi miwili alinikuta nimelala bandani kwa ng'ombe, povu mdomoni. Alinigeuza ubavu, akanifuta, akanibadilisha nguo. Nilizinduka niko kitandani, nikadhani ni mama. Mama ndiye aliyemsihi asiniharibie, naye akaahidi. Siku ulipoutukana ukoo wake, neno moja tu lingemwokoa. Alilimeza, akafunga mizigo yake.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza hata hapo. Akasema alikuwa ananingoja mimi niseme.

Kaka, hatarudi kwa kuletwa na mtu. Amesema ukienda mwenyewe atakufungulia mlango, na umchukue Kindness muende wote. Nisalimie majirani, na mpe mtoto pole ya shangazi yake. Mungu akutangulie njiani. Hasira zako nitazipokea zote, nipo nazingoja, ila pitia Sanya Juu kwanza.

Mdogo wako,
Elisifa