Gawio la Wifi na Mpunga Wangu

Jumamosi, Mtendeni. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

Sasa hivi mwanangu Shukuru kaokota rimoti mbovu, kaibandika sikioni, anasema, "Aloo! Gawio limeingia?" Hata kuongea hajanyooka. Hilo neno kalitoa kwa shangazi yake.

Nimecheka. Kisha nikanuna.

Shangazi yake ni wifi yangu Mwajuma, tunakaa ua mmoja. Mwaka jana alinunua hisa za kampuni moja kwa simu, nikamwona mjinga. Juzi kampuni imegawa faida, kila mwenye hisa kapata chake, naye kajishonea kitenge kipya. Sasa kila tukikutana bombani ananiambia, "Wifi, mwenzio nina kampuni! We lalia mpunga wako."

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni hautoki.

Wivu huohuo jana ulinipeleka kwa mnunuzi wa mpunga. Nilitaka abebe wote tuliovuna Igunga, nami ninunue hisa zilezile, tena nyingi kumpita wifi. Akataja bei ya kutupa, maana ni mavuno na kila mtu anauza. Nikakubali.

Leo asubuhi nikamuuliza wifi, kwa sauti ya kujikaza, hisa zake sasa ni bei gani. Kumbe zimepanda. Watu wamesikia habari za gawio, wote wanazikimbilia.

Nikakaa chini.

Mimi mtoto wa mkulima! Nani asiyejua kwamba mpunga unaununua wakati wa mavuno na kuuuza ukiadimika? Nilikuwa nauza rahisi ili ninunue ghali, na chakula cha mtoto ndani yake. Hisa hazipikwi.

Nimempigia mnunuzi, nikamwambia basi, siuzi tena. Kafoka: "Dada, guta la kubebea mzigo nimeshakodi!" Nimemwomba radhi.

Mpunga wa kula siugusi. Bei ikipanda nitauza kidogo, na hicho kidogo nitanunulia hisa za kampuni zaidi ya moja, maana wifi anasema kampuni ikiyumba gawio hakuna, na bei inaweza kushuka chini ya uliyonunulia.

Itabidi anifundishe yeye. Kumwomba ndiko kunakoniuma. Ila nitamwomba, na akinitania nitamwambia ukweli, kwamba namwonea wivu, na kwamba tangu nimeolewa hapa yeye ndiye pekee ninayeweza kumwambia hivyo.

Huyo ananiita. Abee, wifi! Naja, nina la kukuomba.