Volti Nilizopunguza

Jumatatu, 3 Machi

Imekubali! Kompyuta ya mkaza mwanangu sasa inakimbia kuliko ilivyotoka kiwandani. Picha ya jengo la ghorofa analolisanifu, iliyokuwa ikimlia mchana mzima, leo imekamilika kabla ya chai ya saa kumi. Alipiga makofi. "Baba, kumbe wewe ni hatari!" Akampigia mwenzake wa kazini kumsimulia: "Baba mkwe wangu, alikuwa mtu wa mitambo ya umeme huko kwao."

Huko kwetu. Kituo cha umeme nilichokisimamia sijui kama bado kina paa. Ni miaka mingi tangu mtu aniite mtu wa kitu chochote. Nilijifanya natafuta miwani.

Niandike nilichofanya, nisije nikasahau. Nimeipandisha kasi prosesa, ubongo wa kompyuta, na kasi inadai volti zaidi. Kazi nzima ndiyo hiyo: kujua inadai kiasi gani. Ukiizidishia inaungua, ukiipunja inaanguka, inazima ghafla.

Jumatano, 5 Machi

Feni inapiga kelele. Mkaza mwanangu hufanyia kazi sebuleni, meza yake iko dirishani, na mikutano yake ni hapo hapo. Leo mteja alimwuliza kama yuko kiwanja cha ndege. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Joto linaletwa na volti. Basi nimezipunguza — kidogo, halafu kidogo tena. Nikaweka programu ya majaribio iitese mashine wakati chakula cha mchana kikiiva. Haikuanguka. Feni imetulia. Nikamwambia: iko imara.

Kituoni hatukuwahi kuuita mtambo imara kabla haujalala na kuamka mbele ya macho yetu. Nalijua hilo vizuri. Lakini neno lenyewe lilikuwa tamu mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi

Imezima. Skrini ya buluu, kisha giza. Wala haikuwa kwenye kazi nzito — alikuwa anasoma ujumbe tu! Michoro ya tangu asubuhi ilikuwa haijahifadhiwa. Akashika kichwa. "Baba, nini tena hiki?"

Mke wangu alikuwa kwenye kona yake ya sebule anapiga pasi, wimbo puani. Macho yangu yakaiona ile pasi. Nikasema pasi inavuta umeme mwingi, volti za nyumba zinashuka, mashine haistahimili.

Yalitoka laini kabisa. Kwa sauti ile ile ya kituoni.

Mke wangu akachomoa pasi papo hapo. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Mkaza mwanangu akajibu si kitu, Mama. Ila hakumtazama.

Pasi ile haiwezi! Mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa kwanza angenicheka. Kilichotokea nakijua. Kazi ikipungua, prosesa hujishushia volti yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshazipunja. Niliipima ikikimbia. Sikuipima ikipumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Sikusema. Nilikaribia, wakati wa chai. Mwanangu akaanzisha habari za mpira.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu hapigi pasi tena. Nilimkuta chumbani kwetu, mashati ya mwanangu yangali na unyevunyevu, anayakunja, ananyoosha kola kwa kiganja, anayapanga chini ya godoro. Tulifanya hivyo miaka ile ya kwanza ya kukimbia, tulipopata godoro kabla ya kupata pasi.

"Mkono haujasahau," akasema, akacheka. "Ila wewe leo usigeukegeuke. Utanikunjia kazi."

Nililala chali kama ubao.

Jumanne, 11 Machi

Imezima tena! Pasi iko kabatini. Mke wangu alikuwa ameketi anashona kifungo. Mkaza mwanangu akageuka, akamtazama. Na mke wangu, mtu asiye na kosa, akaanza kujikagua. Labda birika? Aliliwasha kitambo kidogo kilichopita. Taa ya bafuni nayo hakuizima. "Labda ni mimi tu, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama karibu nao kabisa. Nikasema, inawezekana.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu anataka kumwita fundi aje akague nyaya. Mama yake amekataa katakata: msijisumbue, atachemsha maji mapema kabla watu hawajaanza kazi. Mwanamke huyu aliwahi kumfokea askari wa mpakani mpaka yule askari akamwomba radhi. Sasa hagusi swichi kabla ya kuniuliza. "Mzee, niwashe?" Si mimi ndiye ninayejua umeme?

Kuna sehemu moja kwenye mipangilio, ukiibonyeza kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Nilifika pale jana, walipokuwa wametoka kidogo. Nikatoka bila kubonyeza. Mashine itarudia uzito wake, na mkaza mwanangu atauliza kulikoni. Katika nyumba hii nalishwa, nalazwa, nafuliwa. Kasi ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kuwapa.

Aibu gani hii! Nimemuuza mke wangu kwa feni iliyonyamaza.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu na mkewe wametoka. Nimekaa kwenye mashine tangu walipofunga mlango. Nimeongeza volti hatua moja, nikaongeza nyingine. Nimeilaza, nimeiamsha, nimeiacha bila kazi — haikuanguka. Sasa naijaribu na mzigo kamili, namba ya volti imesimama kwenye skrini. Naandika daftarini, kando ya kibodi.

Mke wangu ameingia na pasi mkononi. Nilidhani amechoka na mashati ya chini ya godoro, nikafurahi. Hapana. Anataka nimpimie. Leo hakuna kazi ya mtu itakayopotea, anasema, basi achomeke, nami nimwambie volti zinashuka kiasi gani. Pasi kiasi gani, birika kiasi gani. "Nikijua madhara yangu, Mzee, nitajipanga. Sitawatia watoto hasara tena."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Nikasogeza kiti.

Amechomeka. Kitaa chekundu kimewaka.

"Imeshuka?"

Nimemwambia angoje, naandika vipimo. Ndivyo hivi ninavyoviandika. Pasi imeshapata moto, naisikia harufu yake, na namba haijatikisika. Ameenda jikoni kuwasha na birika, amerudi amesimama nyuma yangu. Birika linaanza kuguna. Namba haijatikisika hata chembe.

"Zote mbili ziko motoni, Mzee. Sema tu. Sitaudhika."

Amesogea. Hana miwani, lakini mistari ilivyojaa anaiona.

"Vipimo gani hivyo," anasema, "mbona havina mwisho?"