Mstari wa 412

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako huwa inafika kabla bahasha haijafunguliwa. Mimi mzima. Mgongo tu ndio unalalamika, na kwa miaka niliyoukalisha kwenye kile kiti cha masjala una haki yake. Nyinyi je? Cherehani imeacha kukata uzi? Binti hajambo?

Nina la kukuchekesha. Nimerudi shule na mvi zangu.

Bosi alituita makarani wote watatu, akasema madaftari yote ya barua, tangu enzi na enzi, yanaingizwa kwenye kompyuta. Asiyejua kompyuta ikifika mwezi wa sita atatafutiwa kazi nyingine. Alivyosema "atatafutiwa" nikajua hakuna atakayetafuta.

Darasa lenyewe ni ile stoo ya viti vibovu. Madirisha wameyaziba kwa karatasi nyeusi, ati mwanga unasumbua skrini, na mlango unafungwa kwa sababu ya vumbi. Ukitoka mle saa saba hujui kama mchana ulikuwepo. Tuko kumi na mmoja kwenye kompyuta sita. Nimepangwa na dereva wa ofisi, anashika kipanya kwa mikono miwili kama usukani. Mwalimu ni msichana ningeweza kumzaa. Mimi naandika kwa kidole kimoja, basi wameshanibatiza: Kidole.

"Kidole, umefika wapi?"

"Niko kwenye jina langu, mwalimu."

Darasa zima hoi.

Ila jana kuna jambo limenikaa. Alikuwa anatufundisha baruapepe. Nikauliza, ikitoka kwangu inapita kwa nani? Akasema haipiti kwa mtu, inapita kwenye mitambo. Nikauliza, sasa nani anaisajili, nani anaiweka kando mpaka mwenyewe aje? Akatabasamu: "Mzee wangu, hakuna mtu katikati." Wenzangu wakaendelea na zoezi. Mimi nikabaki na kidole hewani. Miaka ishirini na sita hii, mtu wa katikati ndiye mimi.

Nisalimie binti.

Kaka yako

---

20 Februari

Kaka, shikamoo.

Huku tuko salama, tunapumua. Cherehani bado inakata uzi, nimeacha kuigombeza, sasa naibembeleza.

Barua yako binti alinisomea kwa sauti nikiwa nashona, nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Karani mzima, mtu wa kalamu sikioni, anaitwa Kidole. Hapa nyumbani imeshashika. Leo kaniuliza, "Mama, Mjomba Kidole hajajibu?"

Kaka, nina shida na huyu mtoto. Matokeo yake ni mazuri. Mwalimu wake kamwambia aombe chuo cha uuguzi, na siku hizi maombi ni ya kwenye mtandao tu, mwisho tarehe thelathini mwezi wa sita. Hataki. Nimembembeleza, nimemkaripia, hataki. Juzi akanijibu vizuri tu, bila jeuri: "Mama, kila mtu anasema ulikuwa na akili kunizidi. Ukaomba chuo hichohicho, hawakukutaka. Mimi watanitakia nini?"

Ni kweli niliomba, na ni kweli hawakunitaka. Nikashika kitambaa changu nikaendelea na pindo.

Sitaki akae kwenye hiki chumba kaka. Mimi nimekaa inatosha. Najua kila ufa wa huu ukuta, nilianza kuuhesabu nikimgeuza Mama kitandani ili asipate vidonda, na sasa Mama hayupo bado nahesabu. Wewe umeshaujua huo mtandao, niangalizie masharti ya chuo. Na umwandikie maneno mawili. Wewe anakusikia.

Mdogo wako

---

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Siumwi. Natumaini na huko hakuna anayeumwa.

Masharti nimeyaangalia, nimeyanakili kwenye karatasi ya pili humu ndani. Niliyapata mwenyewe, bila kumuita mwalimu. Unaandika jina la chuo kwenye kile kisanduku, unabonyeza, na chuo kinakuja mbele yako na geti lake na bustani yake. Nililiangalia lile geti muda mrefu mpaka dereva akaniuliza kama nina ndugu pale.

Darasa limeisha, sasa tumehamishiwa kazini kwenyewe, chumba kilekile, karatasi nyeusi zilezile. Bosi amegawa madaftari. Kila karani anaingiza yale aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa sababu mwandiko wa karani anausoma karani. Yangu ni hamsini na mbili. Kila mstari wa daftari unakuwa mstari kwenye mashine: namba, tarehe, barua imetoka wapi, ya nani, nani kaipokea. Mashine inahesabu yenyewe. Karani mwenzangu mmoja aliruka mistari mitatu kwa uvivu, pakatokea wekundu kwenye skrini ya bosi, akaitwa.

Nimemaliza manne. Naenda polepole. Wenzangu wanadhani ni kidole.

Kwa binti sijaandika. Nimeanza mara tano. Kwenye kompyuta ukikosea unafuta, panabaki peupe kama hujawahi kusema kitu. Nimekuwa hodari wa kufuta.

Daftari la saba silitaki. Ningempa mtu, ila halipokelewi.

Kaka yako

---

6 Mei

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Wewe sidhani.

Barua yako imekaa kama mtu anayeongea huku amekalia kitu asikione mwenzake. Daftari la saba lina nini? Umepoteza hati ya mtu? Kuna wizi umetokea huko ofisini wanataka kukubambikia? Niambie, sisi tumebaki wawili. Tangu Mama aondoke, nikisema "kwetu" nakuwa na maana ya wewe.

Masharti tumeyapata. Binti kayasoma, kayakunja, kayaweka chini ya redio. Jana kaniomba nimfundishe kutia zipu. Nimemfundisha, kaka, na mkono wake ni mwepesi, na nimechukia kuuona ulivyo mwepesi.

Niandikie upesi.

Mdogo wako

---

19 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Leo sina uso wa kukuuliza hali.

Daftari la saba ni la mwaka Mama alipopata kiharusi. Unakumbuka barua zote za watu wa kwetu zilipitia sanduku la ofisi, nami nilikaa lile dirisha dogo la kutolea barua. Barua yako ya chuo ilikuja. Ulichaguliwa. Ilikuja tarehe kumi na nne Agosti, bahasha ya kaki, na ulitakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Niliifungua. Hairuhusiwi kufungua barua ya mtu, nikaifungua.

Mama alikuwa na mwezi mmoja kitandani. Mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini na nimeshapeleka posa. Nikapiga hesabu hapo hapo dirishani: wewe ukienda, anayerudi nyumbani kumgeuza Mama ni mimi. Kazi imekwenda, na posa imekwenda. Nikasema moyoni, nitamwambia mwakani, ataomba tena. Mwakani ikaja, nikasema Mama akipata nafuu. Mama hakupata nafuu, alilala miaka kumi na minne.

Ulikuja dirishani kila Ijumaa. Wiki sita. Ulikuwa unavaa ile sketi ya kijani. Unaniuliza, "Kaka, bado?" Nami nakujibu, "Bado." Ijumaa ya mwisho hukuuliza, ulisimama tu, nikatikisa kichwa. Ukasema, "Basi si riziki," ukanipa chakula changu cha mchana ulichokuwa umenibebea, ukarudi kwa Mama. Nilikila.

Bahasha niliichoma pamoja na karatasi chakavu za ofisi. Lakini kabla ya kuichoma niliiandika daftarini. Sijui nikuelezeje hili ulielewe. Kuiba barua sikuwa nimezoea, kusajili barua nilikuwa nimezoea. Mkono ulikwenda wenyewe. Namba 412, tarehe, chuo, jina lako lote kwa mwandiko mzuri. Na pale pa mpokeaji, saini yangu, "kwa niaba". Kwa miaka ishirini na tatu lile daftari limekaa kwenye rafu ya juu nyuma ya kichwa changu. Nimekataa uhamisho mara mbili, na mmoja ulikuwa wa cheo, kwa sababu nilitaka kukaa nalo chumba kimoja. Nililichunga, nikidhani hivyo nimejificha.

Wiki jana nikafika 411. Niliwaza kuuruka ule mstari, nikakumbuka wekundu. Basi nikaandika jina jingine, la mtu asiyekuwepo. Nikaenda kula, nikaiacha sahani imejaa. Nikarudi nikalifuta, nikaandika lako. Halafu nikafanya ile mwalimu aliyotufundisha, ya kutafuta. Nikaandika jina lako kwenye kisanduku. Mashine imeshameza barua elfu na elfu za watu wa kwetu, zikiwemo za watu waliokwisha kufa. Wewe una mstari mmoja tu. Huo.

Mwambie binti hukufeli. Mwambie aliyekufelisha ni mjomba wake. Akikuuliza kwa nini, msomee hii, usipunguze.

Sikuombi kitu.

Kaka yako

---

11 Juni

Kwa Karani wa Masjala,

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA KUMBUKUMBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye jina lililoandikwa kwenye daftari la saba la barua zilizoingia, mstari namba 412. Naomba nipatiwe nakala ya mstari huo, ionekane tarehe, mtumaji, jina langu na saini ya aliyepokea, ikiwa na muhuri wa ofisi.

Sababu ya maombi: kumwonyesha binti yangu. Nilimsomea barua niliyoandikiwa, akasema, "Mama, mmepanga nyinyi wawili ili nijaze fomu." Anataka kuona.

Uhusiano wa mwombaji na mtumishi wa ofisi:

Naomba nakala ifike kabla ya tarehe thelathini.

Mwombaji

---

18 Juni

Mdogo wangu,

Niruhusu nikuite hivyo kwenye karatasi hii moja, nyingine ya kiofisi iko chini yake.

Barua yako niliipokea dirishani mwenyewe, nikaisajili. Siku hizi maombi ya nakala yanajazwa kwenye kompyuta, nami ndiye nayajaza. Nikajaza jina. Nikajaza namba. Nikafika pale pa uhusiano, ulipopaacha wazi. Mashine haikubali pengo. Inakupa machaguo mawili, "ndugu" au "hakuna", na usipochagua haikusogezi mbele wala haikurudishi nyuma, unabaki pale.

Sheria iko hivi. Ukichagua "hakuna", karani anachapa nakala, anagonga muhuri, imeisha, dakika tano. Ukichagua "ndugu", karani haruhusiwi kuligusa ombi tena, linakwenda kwa bosi pamoja na ukurasa wenyewe.

Nilikaa mbele ya maneno hayo mawili tangu asubuhi mpaka wakaanza kufunga ofisi. Karani mwenzangu akapita na mkoba wake. "Kidole, leo umekwama wapi?" Nikamwambia kwenye fomu. Akasema, "Chagua chochote uende nyumbani, hakuna anayesoma hizo." Na kweli hakuna anayesoma. Ningechagua "hakuna", nakala ungeipata, nami ningebaki na kiti changu. Na huenda kwa upande wako ndilo neno la kweli sasa hivi, sijui.

Nilichagua "ndugu".

Kesho yake bosi aliniita. Ukurasa ulikuwa juu ya meza. Alisoma jina, akasoma saini, akaangalia saini kwenye barua yangu ya kuajiriwa, akazilaza pamoja. Akauliza, "Alijua?" Nikasema, amejua mwezi uliopita. Akauliza, "Na ulikaa naye hivyo miaka yote hiyo, mkala pamoja?" Nikasema ndiyo. Alichapa nakala mwenyewe, akagonga muhuri mwenyewe, akaniambia niache funguo nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nimekaa. Nyumba ina vyumba viwili, na hakuna hata kimoja ninachojua nikae wapi ndani yake.

Nakala anakuletea tarishi wa ofisi kwa mkono, haipiti posta. Imetoka mezani kwa bosi, sikuishika. Karatasi yangu hii nimempa tarishi mlangoni nikimwomba aipachike juu.

Atakuja na daftari la kukabidhi. Mtu yeyote akikuambia atakupokelea, kataa, hata kama ni jirani, hata kama mikono yako ina kazi. Simamisha cherehani, utoke nje, usaini mwenyewe.

Kaka yako