Tope la Kidimbwi Katika Ukuta wa Mjomba Sefu

Mpendwa mama,

Huko uliko huulizi habari, lakini hii nakupa kwa furaha, tena furaha mbaya: mdogo wako Sefu nimemkomesha.

Unakikumbuka kidimbwi chetu cha Miono, kile kilichokuwa kikikauka wakati wa kiangazi hadi tope likapasuka? Mvua zikirudi, visamaki vya mkia mwekundu vilijaa tele, na sisi watoto tukiamini vimedondoka pamoja na mvua. Ulitucheka. Ukachukua bonge la tope kavu, ukaliweka kwenye chungu cha maji ya mvua, na baada ya siku chache ukatuita. Mle ndani vijisamaki vyenye macho vilikuwa vinacheza. "Mayai yao yanalala humu," ulisema. "Atakayechota tope hili kiangazi ameua ukoo mzima." Mjomba Sefu alikuwepo, akachungulia chunguni kama sisi. Ndiyo maana simsamehe.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, hapo hapo karibu na kidimbwi, kila mtu alitakiwa ajenge haraka. Wenzake walifuata udongo wa kichuguu, mbali. Yeye, balozi wa nyumba kumi, akaona uvivu. Akakikomba kidimbwi chote, akakandikia nyumba yake. Nilipomfuata alicheka: "Samaki gani kwenye tope kavu, mwanangu? Mama yako naye alikuwa na maneno mengi." Nililia njia nzima, mama, kwa hasira. Visamaki vile sijaviona pengine popote. Nimeulizia hadi Mapinga, watu wananishangaa tu.

Nikangoja siku yangu. Binti yake alikuwa mwali ndani, na ukungwi wako, mama, uliniachia mimi. Nisipomtoa mimi, hakuna wa kumtoa. Siku ya ngoma, wakwe wamekaa mkekani na pilau limeiva, nikamwendea mjomba mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mwali hatoki mpaka tope la kidimbwi lirudi."

"Unaniaibisha mbele ya wakwe?"

"Ndiyo."

Laiti ungemwona! Kanzu kaikunja kiunoni, anabomoa ukuta wa nyuma kwa jembe, anabeba makapu mwenyewe hadi kidimbwini, na wakwe wanamtazama. Binti nilikuwa nimemwambia mapema. Alicheka hadi akajifunika khanga usoni. Jioni, tope la ukuta huo lilipokwisha kurudi, nikamtoa, akapendeza kweli.

Watu wananiambia yaishe sasa, yule ni mjomba wangu. Roho yangu bado haijatulia. Sijui kama mayai yamepona baada ya kukanyagwa na kukandikwa ukutani. Nikiwaza kwamba huenda hayakupona, natamani kumrudia na jembe kwa mkono wangu mwenyewe.

Vuli imekaribia. Nitakwenda kuchungulia kila asubuhi. Visamaki visipotokea, mjomba bado ana kuta tatu.

Pumzika, mama, hili niachie mimi.

Binti yako, kungwi wa Miono