Gonga Usikilize

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonikumbusha umri kila ninapoinama. Mdogo wako naye hajambo, analalamika kwamba nikiitwa siitiki. Namwambia watu wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kufungua midomo. Wewe je, u hali gani? Unakula vizuri huko, au bado unakunywa chai na kujidai umeshiba?

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu yangu kioo kimekufa, na nikiipokea napata mikwaruzo mitupu. Ya mdogo wako ilitumbukia kwenye bwawa la maji ya chumvi akiwa kazini, ikafia humo humo. Basi turudi kwenye kalamu kama watu wastaarabu. Barua nampa kondakta wa basi, utaichukua kituoni.

Sasa nisikilize. Ngamia anaumwa. Pikapu yetu imezeeka ghafla, mwanangu. Milango haifungi mpaka uinyanyue. Pale kati ya kabini na bodi zamani kilikuwa kinapita kidole, sasa kinapita kiganja kizima. Fundi jirani ameinama, akachungulia uvunguni, akasema chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, imeliwa na kutu kwa ndani. Nikamuuliza kutu itoke wapi wakati kila mwaka naipaka rangi nyeusi kwa mkono wangu mwenyewe? Akacheka. Anatafuta kazi yule.

Hata hivyo nikakumbuka kwamba hizi pikapu zinauzwa na kampuni yako, na kwamba kuna waranti ya chesisi: ikioza wanakuwekea mpya bure. Ni wewe uliyeniambia. Na ni wewe uliyekaa kwenye meza ya waranti! Basi sema neno. Asubuhi Ngamia anabeba magunia ya chumvi, jioni anawarudisha nyumbani akina mama wa mashamba ya chumvi, na mdogo wako amekaa nyuma kabisa, kwenye mlango wa bodi, anazuia mizigo kama askari. Ngamia akilala, sote tumelala.

Nasubiri jibu jema.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikaisomea palepale kituoni nimesimama, watu wananipita kwa viwiko. Mimi mzima. Nakula, usinicheke. Pole na mgongo. Mpe mdogo wangu salamu, mwambie bwawa la chumvi si mahali pa kuogeshea simu.

Baba, jibu si jema, na sijui nikuandikie vipi. Waranti ya chesisi inahesabiwa tangu siku gari lilipouzwa mara ya kwanza kabisa, si tangu ulipolinunua wewe mkononi mwa mtu. Muda wake umekwisha zamani. Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kitengo, nikamweleza kwamba ni gari la baba yangu. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza kama ningekuwa yeye ningefanya nini kwa hao wengine wote. Wengine hao nawajua, baba. Kila siku nawaandikia mimi, "tunasikitika kukufahamisha," halafu nakwenda kula. Safari hii sikwenda kula.

Lakini waranti si kitu. Nimeona chesisi zilizokatika, zinaletwa karakana yetu kwa kamba. Ile chesisi ina uwazi ndani kama bomba. Maji yanaingia, hayatoki, na yakiwa ya chumvi ndiyo basi. Inaoza kutoka ndani, na nje rangi yako inang'aa vilevile. Fundi jirani hatafuti kazi.

Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua nyundo, ingia uvunguni, gonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele mpaka nyuma, na usikilize. Palipo pazima panalia kama kengele. Palipooza panatoa sauti ya kufa, kama unagonga boga. Ukipata mahali pamoja tu pa namna hiyo, usiliendeshe. Na mpaka utakapopima, nakuomba baba, usipakie watu. Beba chumvi peke yake. Mdogo wangu anakaa mahali pabaya kuliko wote.

Niandikie upesi.

Binti yako


24 Machi

Mwanangu,

Salamu sana. Huku wazima, mgongo ndio usiseme, maana wewe umenilaza uvunguni mwa gari mchana kutwa kama mtoto wa gereji. Nimetoka na kutu machoni, mdogo wako akanicheka mpaka akakaa chini.

Nimegonga. Nimegonga mbele, nimegonga katikati, nimegonga nyuma, upande huu na upande ule. Sauti ni moja tu, mwanzo mpaka mwisho, hakuna boga wala tango. Ngamia mzima! Milango itanyanyuliwa, hata sisi wazee tunanyanyuliwa asubuhi na bado tunafanya kazi.

Lakini nikuambie ukweli, barua yako imeniuma. Si kwa ajili ya waranti, hiyo nimeelewa. Inaniuma kwamba umekaa huko mbali kwenye kiti kinachozunguka na unaniambia nisipakie watu. Wale akina mama wakishuka kazini miguu imewavimba, imejaa vidonda vya chumvi. Niwapite barabarani na gari tupu? Niwatazame kwa kile kioo kidogo? Wewe ungeweza?

Basi tusigombane. Mdogo wako anauliza kama huko viatu vya mpira virefu vinapatikana, vya huku vinapasuka haraka. Fundi jirani nimemwambia nimepima kitaalamu, kwa maagizo kutoka makao makuu.

Baba yako


4 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima wa mwili, lakini roho haijatulia. Viatu vya mdogo wangu nimevipata, navituma pamoja na barua hii.

Ulipoandika kwamba Ngamia mzima nilifurahi siku nzima. Kisha jana waliingiza karakanani pikapu kama ya kwetu, nikashuka kuitazama. Chesisi yake ilikuwa nzima. Fundi akagonga mbele yangu, na baba, sauti haikuwa moja. Penye maungio inakuwa nzito, katikati inalia juu, karibu na magurudumu inabadilika tena. Nilimuuliza kama kuna chesisi yenye sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Akasema hajawahi kuisikia.

Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Nikakumbuka mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu: nilikuuliza habari za mdogo wangu, ukanijibu habari za mvua. Nikadhani ni mtandao. Nakumbuka miaka yote ulipokuwa kwenye mashine ya kusaga chumvi kabla hujanunua gari, ulivyokuwa ukirudi nyumbani unazungumza kwa kupiga kelele mpaka marehemu mama anaziba masikio. Na simu yako baba haikwaruzi. Nimeipiga mara nyingi wiki hii. Inaita vizuri kabisa. Haipokelewi.

Nisamehe kwa swali ninalokuuliza, wewe ni baba yangu na sitaki kukuvunjia heshima. Unasikia?

Kama husikii si aibu, na wa kulaumiwa ni mimi, nimempa mtu kipimo bila kumuuliza kama ana chombo cha kupimia. Muite fundi jirani agonge yeye. Mdogo wangu asimame karibu asikilize. Na mpaka hapo, gari lisitoke. Nakupigia magoti.

Binti yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kondakta ameniapia kwamba barua na viatu alikukabidhi mwenyewe mkononi. Simu inaita tu.

Kama nimekukosea, nigombeze, lakini niandikie. Hata mstari mmoja, hata tusi. Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Nakuja kwa basi la Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mdogo wako yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako iliyokuja na viatu niliipata asubuhi ya Jumatatu, basi lilipopita. Niliisoma nimeegemea gari. Nilipofika kwenye lile swali damu ilinipanda kichwani. Nikajisemea, mtoto niliyemzaa, niliyembeba mabegani, leo ananiita kiziwi. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikawasha gari. Viatu nilimpa mdogo wako, akavivaa palepale. Ndiyo, niliisoma kabla, wala haikuchelewa. Ningependa kukuandikia kwamba ilichelewa.

Jioni niliwapakia akina mama kama kawaida, juu ya magunia yaliyobaki. Unajua utaratibu wetu: wa nyuma akitaka kushuka anagonga paa la kabini, nami nasimama. Siku nyingi sasa nilikuwa sisikii kugonga huko. Nilikuwa nasimama kila kona na kila njia panda bila kuambiwa, na wao wakanisifu kwamba nawajua nyumba kwa nyumba. Nilijiona mjanja.

Tulipoanza kuteremka kwenye ile barabara ya mawe usukani ulianza kutetemeka. Nikadhani ni mawe. Kisha bodi ikashuka nyuma yangu, kabini ikainua pua juu, gari likasimama. Chesisi ilikuwa imekatika nyuma kidogo ya kabini, pande zote mbili. Akina mama walichubuka tu. Mdogo wako alirushwa chini na magunia yakamfuata, yakamwangukia mguu.

Amelazwa. Wamemtia vyuma mguuni. Daktari anasema atatembea, ila atachechemea. Viatu vyako kimoja walikikata kwa mkasi kumtolea mguu, kile kingine nimekiweka chini ya kitanda chake.

Siku ya tatu alipopata nguvu alinishika kidevu, akanigeuza uso nimtazame mdomo, akasema taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Baba, lilikuwa linalia tangu tulipotoka. Tulikugongea paa. Sote tulikugongea, tukapiga kelele, mpaka mikono ikatuuma." Nilimwambia sikusikia. Akasema, "Najua, baba. Najua siku nyingi. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Tangu hapo sina usingizi. Nikifumba macho nawaona wanapiga lile bati juu ya kichwa changu, na mimi chini yake nimetulia, nawaza chakula cha usiku.

Jana fundi jirani alikuja kuchukua vipande vya Ngamia. Nilimuomba anionyeshe. Hakunicheka. Alichukua kiganja changu, akakilaza juu ya chuma, akagonga pembeni yake kwa nyundo. Palipo pazima nilihisi mtetemo mpaka kwenye kiwiko. Akanihamisha, akagonga palipooza. Hakikuja kitu. Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia tena, mpaka machozi yakanitoka mbele yake. Kumbe ningeweza kupima. Wewe hukujua, na mimi nilijifanya nina masikio.

Usijilaumu. Uliniuliza kwa heshima, na nilikuwa na siku nzima ya kujibu.

Gari halipo tena, na akina mama wanatembea kwa miguu. Wakipita hapa jioni wananipungia mkono, na hilo linaniuma kuliko kama wangenitukana.

Umesema unafika Jumamosi. Mdogo wako atakuwa bado hospitali, utanikuta peke yangu. Ukifika mlangoni usipige hodi ukasimama kusubiri, kama mama yako alivyokufunza. Utasimama mpaka giza. Sukuma tu mlango, uingie, uje mbele yangu nikuone.

Sitaufunga.

Baba yako