Pua ya Yaya Masika

Elgin, 12 Machi 2018

Yaya Masika, dada yangu mpenzi,

Huko Doornfontein, Johannesburg, mnaamkaje? Magoti yako yamepoa? Huku milimani baridi imeingia. Asubuhi ukungu unafunika mizabibu yote. Mwili wangu ni mzima isipokuwa kitu kimoja, na usimwambie mtu.

Unajua Madamu, mwenye shamba hili, amenipa tangi langu la kwanza la divai, baada ya miaka ya kuosha matangi ya wengine. Zabibu zake zina ngozi ya rangi ya waridi. Divai yake lazima inukie maua, lakini iwe kavu, sukari yote iliwe na hamira. Tulizichuma alfajiri zikiwa baridi ili harufu isipotee. Kisha nikashikwa na mafua, yakaondoka na pua yangu! Sinusi kahawa, moshi, wala soksi zangu. Juisi inachachuka tangini, na sijui inanukaje.

Burhani, dereva wa lori la matufaha, atakuletea chupa ndani ya friji ya lori. Nusa, uniambie kila kitu. Madamu akijua, tangi atapewa mwingine.

Mdogo wako,
Placide

Doornfontein, 17 Machi 2018

Mdogo wangu,

Magoti yanalalamika lakini yanatembea. Pole sana na hiyo pua.

Chupa yako ilifyatua kizibo yenyewe hapa saluni kwangu, paa! Mteja niliyemsuka nusu kichwa akajitupa chini ya kiti akidhani ni bunduki. Tulicheka mpaka machozi.

Saluni inanuka dawa za nywele, kwa hiyo nilipanda juu ya paa la ghorofa kunusa. Kwanza nilipata mapera. Halafu, nisamehe, mayai yaliyooza. Mimi divai naijua ya meza ya Bwana tu, lakini mayai nayajua.

Yaya wako,
Masika

Elgin, 24 Machi 2018

Yaya,

Salamu nyingi. Umeniokoa! Mayai maana yake hamira ina njaa. Nimeilisha chakula chake na kuipulizia hewa. Sasa ninaiacha kwenye baridi ifanye kazi polepole. Burhani anakuja na chupa nyingine. Ifungue mbali na vichwa vya watu.

Mdogo wako,
Placide

Doornfontein, 15 Aprili 2018

Placide wangu,

Ni wazima wote hapa. Mayai yamekwisha kabisa. Kuna waridi, tangawizi kidogo, na kitu kama ngozi ya chungwa ukiiminya. Nimeonja pia: hakuna sukari, ulimi unakauka vizuri, halafu unaomba tena. Nilimpa Burhani anuse, yeye hanywi, akasema, "Dada, hii ni marashi ya arusi!"

Sasa mwambie Madamu. Divai imepona. Unaogopa nini tena?

Yaya wako,
Masika

Doornfontein, 20 Mei 2018

Placide,

Huko ni salama? Burhani anasema hakuoni tena getini. Eish, wamekufukuza? Niandikie hata mstari mmoja, silali.

Yaya wako,
Masika

Elgin, 3 Juni 2018

Yaya mpenzi,

Nisamehe, mimi ni mzima. Nilikuwa ndani tukijaza chupa, na nilitaka nikuandikie nikiwa na neno zuri.

Nilimwambia Madamu. Alichota divai kwa glasi, akanusa muda mrefu, akauliza, "Sasa nani alikuwa ananusa?" Nikajibu, "Dada yangu, msusi wa Johannesburg." Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Tangi ni langu bado!

Na wiki iliyopita, Yaya, nilinusa dizeli. Dizeli ya lori la Burhani! Niliruka kama mtoto, kisha nikakimbia kufungua chupa. Waridi lilinijia moja kwa moja. Nililia mbele ya watu.

Madamu anasema pua moja yaweza kuugua tena. Anataka uje kunusa wakati wa mavuno ya Februari, kwa mshahara. Utakuja?

Mdogo wako,
Placide

Doornfontein, 30 Januari 2019

Mdogo wangu,

Natumaini jua la kiangazi halijakumaliza. Wateja wamenuna kwa kuwa naondoka; mmoja ameomba nimsuke nywele za kudumu hadi Pasaka. Basi langu ni la Ijumaa. Nina sweta mbili za ukungu wenu wa asubuhi na hofu kidogo, lakini furaha inazidi.

Ukija stendi kunipokea, usijipake marashi. Nataka kuinusa milima yenyewe kwanza.

Yaya wako,
Masika